Ushuhuda Usiokuwa na Ushindi

Katika makanisa ya Kipentekoste ya Luhwindja, kama ilivyo Bukavu na Kivu Kusini nzima, ibada ya Jumapili ina nafasi ya ushuhuda. Kwaya ikishaketi, mwenye neno husimama, husema "Bwana asifiwe!" na kanisa huitika "Amina!" Atarudia mara ya pili, sauti ikipanda, kisha atasimulia kwa ufupi. Mtoto alikuwa mahututi, sasa anacheza. Kijana alianguka eksetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mara mbili, safari hii amefaulu. Shimo lililokuwa halitoi kitu kwa miezi limeanza kutoa dhahabu. Wasikilizaji wanajua mwisho kabla haujafika, na ukifika hushangilia kwa furaha ya kweli.

Lakini wapo ambao hawasimami. Yupo mama ambaye mtoto wake hakupona. Yupo mzee aliyehamishwa kutoka shamba la baba yake na hajui hata leo kama alitendewa haki. Yupo binti aliyerudi kutoka msituni na mimba ya mtu aliyemteka. Hawa nao wanaamini, wanatoa sadaka, wanafunga na kuomba. Wanaketi tu, wakingoja siku ambayo kisa chao kitapata mwisho unaofaa kusemwa mbele ya watu. Wengine hungoja mpaka kufa.

Hapo ndipo lilipo swali lenye uzito kwa dini na kwa fikra pia: maisha ya mtu huwa ushuhuda kwa sababu gani? Je, ni kwa jinsi yalivyoishia, au kuna jambo lingine ndani yake lenye haki ya kusikilizwa, hata kama hakuna ushindi wa kutangaza?

Luhwindja si mahali pa kuuliza swali hilo kwa mzaha. Shefferi hii ya Washi, katika milima ya wilaya ya Mwenga, kusini-magharibi ya Bukavu, imekalia dhahabu. Kampuni ya Banro ya Kanada iliingia katika haki za uchimbaji za SOMINKI, kampuni ya madini iliyoitangulia, mwaka 1996. Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikazifuta, na mwaka 2002 makubaliano mapya yakazirudisha. Dhahabu ya kwanza ya mgodi wa Twangiza ilimiminwa Oktoba 2011, na Septemba 2012 uzalishaji wa kibiashara ukaanza rasmi. Ili mgodi uwepo, mamia ya familia zilihamishwa, nyingi zikapelekwa Cinjira, juu mlimani kwenye baridi, na wachimbaji wadogo wakafungiwa mashimo waliyokuwa wakiyategemea. Baadaye Banro iliishiwa nguvu, ikauza, na wawekezaji kutoka China wakaingia.

Ukikusanya maisha ya watu wa mlima huu hutapata kisa kimoja. Yupo aliyepata kazi ya mshahara mgodini akasomesha wadogo zake. Yupo aliyepewa nyumba ya bati na bado anaililia migomba yake. Wapo wachimbaji waliohamia Kamituga, mji mwingine wa dhahabu wa Mwenga, ambako tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza mashimo na kuua watu wapatao 50. Na wapo akina mama wanaoitwa mama twangaise.

Kazi ya mama twangaise huonekana mbali na kusikika mbali zaidi. Mawe yakishatolewa shimoni, yeye huketi chini, kinu cha chuma katikati ya miguu, akainua mchi wa chuma na kuushusha, tangu asubuhi, mpaka jiwe ligeuke unga. Unga huo huchekechwa, kilichobaki kigumu kikarudishwa kinuni. Vumbi lake la kijivu hushika nyusi, kope na kitambaa cha kichwani, na mtoto aliye mgongoni huvuta hewa ileile. Dhahabu ikioshwa, yeye hayupo tena kwenye hesabu. Amelipwa kwa kipimo cha unga alichotwanga, basi. Huyu mama atasimama kanisani kushuhudia nini? Kwamba leo ametwanga na kesho atatwanga? Kwamba kifua kinauma na watoto wamekula?

Ndiyo, hilo hasa. Kula kwa watoto wale ni tendo la imani ambalo wengi wetu hatujawahi kudaiwa. Ila ratiba ya ibada haina mahali pa kuliweka, kwa kuwa halina kilele.

Wanaopenda ushuhuda wa ushindi wanastahili kusikilizwa kwa heshima. Watu waliopita katika vita tangu 1996, waliokimbia na magodoro kichwani, walioona Bukavu ikishikwa tena Februari 2025, safari hii na waasi wa M23, wanahitaji kusikia kwamba jambo jema linaweza kumfika mtu kama wao. Mchungaji anayeita shuhuda anajua kwamba tumaini huambukiza. Anayeshukuru hadharani huwatia moyo wengine kuomba, na shukrani ni deni ambalo dini zote hulidai. Hakuna ubaya katika hayo. Ubaya huanza pale ushindi unapogeuzwa kuwa sharti. Hapo anayeteseka bado hujiona ana kasoro ya imani, na jirani zake huanza kumchunguza: amekosa wapi, amelogwa na nani, mbona hafungi vya kutosha?

Rafiki zake Ayubu walifanya hivyohivyo. Kwa siku saba waliketi naye chini bila kusema neno, na hilo ndilo jambo bora walilofanya katika kitabu kizima. Walipofungua midomo walimweleza maisha yake kana kwamba wao ndio waliokuwa wameyaishi: kuna dhambi mahali fulani, atubu, mambo yatanyooka. Ayubu alikataa. Alilalamika, alidai kesi, aliuliza maswali ambayo leo mtu angeyauliza kwenye ibada wangemzimia kipaza sauti. Na mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia wale watetezi wake, anasema aliyenena sawasawa ni Ayubu.

Wahubiri hukimbilia sura ya mwisho, mahali anaporudishiwa mali maradufu. Watu wa Mwenga wanaweza kuisoma sura ileile kwa macho mengine. Kondoo waliongezwa mara mbili, na ngamia vilevile. Lakini wale wana saba na mabinti watatu walioangukiwa na nyumba hawakurudi. Walizaliwa wengine, na mabinti wapya wakaandikwa hata majina yao, huku wale wa kwanza wakibaki bila jina. Mzazi aliyezika anajua kwamba mtoto wa pili hajazi nafasi ya wa kwanza. Maandiko yenyewe hayadai kwamba anaijaza.

Katika Zaburi pia upo wimbo, wa 88, ambao hauna kilele. Nyimbo nyingi za maombolezo katika kitabu hicho hugeuka mahali fulani na kuwa sifa. Huu haugeuki, unaishia gizani. Waliokusanya Zaburi wangeweza kuuacha au kuuongezea mistari miwili ya furaha. Waliuweka ulivyo, katikati ya sala za watu wa Mungu. Waislamu wa Kasongo na wa Bukavu wanalo funzo la jamaa moja na hilo katika Sura ya Yusuf: Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na alipoambiwa kwamba atajiangamiza, alijibu kwamba malalamiko yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Subira yake ilisifiwa na machozi yake hayakulaumiwa.

Basi, desturi ya kudai mwisho mwema ilitoka wapi? Sehemu yake imo katika historia ya namna maisha ya watu wa ukanda huu yalivyoandikwa.

Mmoja wa watu wa kwanza kusimulia maisha yake kwa Kiswahili kwa mapana alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyetawala njia za pembe na watumwa mpaka Maniema, jirani ya Kivu. Simulizi yake ilichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode. Ni maandishi yenye thamani kubwa, yamejaa safari, vita, bei za pembe na majina ya machifu. Lakini ni hadithi ya aliyeshinda. Waliofungwa kamba shingoni wanapita ndani yake kama idadi tu.

Kwa upande wa pili yupo Swema, msichana kutoka nchi ya Wayao, aliyefikishwa Zanzibar mnamo 1865 akiwa amedhoofika kiasi kwamba wenye mali walimwona hasara, wakamzika angali hai. Alifukuliwa, akapelekwa misheni ya Wakatoliki. Kisa chake kilichapishwa Ufaransa mwaka 1870, na msomaji wa kitabu kile aliongozwa mpaka kwenye kilele kizuri: Swema anamhudumia mgonjwa aliyehusika na mateso yake, na anamsamehe. Huenda ndivyo ilivyokuwa, na kama alisamehe, hakuna mtu wa kumpunguzia heshima hiyo. Ila kalamu haikuwa yake. Kitabu kiliandikwa ili wasomaji wa Ulaya waguswe na wachangie misheni, na kisa cha mtoto aliyempoteza mama yake njiani kilibidi kiishie mahali ambapo mchangiaji angefunga kitabu akiwa ameridhika.

Tippu Tip alijisimulia mwenyewe kwa kuwa alikuwa na nguvu. Swema alisimuliwa na wenye nia njema. Kati ya hao wawili walikuwapo maelfu ambao hawakupata hata hilo la pili.

Kivu Kusini ya leo ina wenye nia njema wengi pia. Wanakuja na daftari, na kamera, na fomu. Kama kanisani kisa chenye soko ni cha ushindi, kwa wageni hawa kisa chenye soko ni cha machozi. Mwanamke aliyebakwa huombwa asimulie kwa mwandishi wa habari, kisha kwa shirika, kisha kwa mtafiti, kila mara tangu mwanzo, na kila mara msikilizaji hunyanyua kalamu pale anapofika kwenye kovu. Kwamba ana kipaji cha biashara, kwamba anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, kwamba amegombana na shemeji yake kuhusu mpaka wa shamba, hayo hayaandikwi. Pande zote mbili humkata mtu zikachukua kipande kinachozifaa.

Nyumba ya Cité de la Joie, iliyofunguliwa Bukavu mwaka 2011 na inayoongozwa na Christine Schuler Deschryver, ilijaribu njia nyingine. Wanawake waliookoka ukatili huishi pale kwa miezi sita, wakisimuliana maisha yao wao kwa wao huku wakijifunza kusoma, kulima, kujilinda na kujua sheria. Kinachotokea pale ni kwamba msikilizaji wa kwanza ni mwenzake aliyepitia njia ileile, mtu asiyehitaji kushangazwa wala kuchangishwa, na kesho yake wote wawili watakwenda shambani pamoja.

Wapo watu wa ukanda huu ambao maisha yao yanasimuliwa sana, na asili zao hazifanani hata kidogo. Albert Joubert alizaliwa 1908 kando ya Ziwa Tanganyika, mwana wa nahodha Mfaransa aliyekuja kupambana na biashara ya watumwa na mama Mwafrika, akawa padre. Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin walitoka Italia, wamisionari Waxaveri, vijana bado. Tarehe 28 Novemba 1964, siku za uasi wa Simba, wote wanne waliuawa: Faccin na Carrara Baraka, Didonè na Joubert Fizi. Inasimuliwa kwamba Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alipotoka na kukuta mwenzake yuko chini alikataa kupanda gari, akapiga magoti kando ya mwili, akapigwa risasi hapohapo.

Christophe Munzihirwa alizaliwa 1926 Walungu, Mshi kama watu wa Luhwindja, akawa Mjesuiti na hatimaye askofu mkuu wa Bukavu. Katika miaka ambayo kambi za wakimbizi wa Rwanda zilijaa kandokando ya mji, aliwatetea wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, msimamo ambao haukumpatia rafiki kwa yeyote aliyeshika bunduki. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996, askari walipoingia mjini, aliuawa Nyawera, na mwili wake ukabaki barabarani mpaka kesho yake.

Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa mjini Goma, msomi wa sheria, mfanyakazi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, na katika saa zake za mapumziko rafiki wa maibobo, watoto wa mitaani. Alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiingie sokoni. Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26.

Padre chotara, Waitalia watatu, askofu Mshi, kijana wa ofisini. Je, ushuhuda wao uliishia kwenye ushindi? Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri wale wanne tarehe 18 Agosti 2024 mjini Uvira, na Bwana Chui tarehe 15 Juni 2025 mjini Roma. Mtu anaweza kusema, basi, mwisho mwema upo, umechelewa tu. Lakini ukitazama kinachoheshimiwa hasa, hakipo kwenye sherehe. Kipo kwenye saa ile ambapo Carrara angeweza kupanda gari, ambapo Bwana Chui angeweza kuchukua fedha na kutia saini, na hakuna kati yao aliyejua kwamba ingekuja sherehe. Kama picha zao zisingetundikwa kamwe, tendo lisingepungua uzito. Na Munzihirwa anatuonyesha hilo waziwazi, kwa kuwa waliomuua hawajawahi kuhukumiwa.

Hiki ndicho kinachomuunganisha askofu na mama twangaise, ingawa mmoja ana kaburi linalotembelewa na mwingine hatajwi. Ushuhuda ni kuendelea kumtendea binadamu haki mahali ambapo kuacha kungekuwa rahisi zaidi. Mwisho wa kisa uko mikononi mwa wengine: askari, kampuni, mahakama, hali ya hewa, Mungu. Kilichokuwa mikononi mwa mtu mwenyewe ndicho tunachoweza kukishuhudia.

Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, anaonekana kuwa na ule mwisho ambao kila kanisa lingeupigia makofi. Hospitali ya Lemera alikofanya kazi ilivamiwa Oktoba 1996, wagonjwa wake wakauawa vitandani. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi. Mwaka 2012 alinusurika kuuawa nyumbani kwake, na mlinzi wake akafa. Mwaka 2018 akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Angeweza kuishia hapo kwenye hotuba yake. Badala yake aliwaambia waliokusanyika Oslo kwamba kuna ripoti inayoozea kwenye droo ya ofisi New York.

Alikuwa akiisema Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010. Inaeleza matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na ndani yake yamo maneno ya mashahidi zaidi ya 1,280. Wilaya ya Mwenga imo. Kasika imo, ambako tarehe 24 Agosti 1998 mwami François Mubeza, mke wake, padre na watawa wa parokia waliuawa pamoja na mamia ya raia wa vijiji vya jirani. Mashahidi wale walikuwa wakulima, walimu, wakunga, wachuuzi, watu wa makabila na madhehebu tofauti. Walisema walichokiona bila kuahidiwa chochote. Hakuna kesi iliyofuata ya kulingana na walichosema.

Kwa miaka michache sasa Kongo ina njia nyingine. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliweka misingi ya kuwalinda na kuwafidia waathirika wa ukatili wa kingono wa vita na wa uhalifu dhidi ya amani na usalama wa binadamu, na FONAREV, mfuko wa taifa wa fidia, ukapewa kazi hiyo. Ili mtu atambuliwe lazima asimulie, na katika maeneo yaliyo chini ya bunduki kusimulia ni hatari upya. Hapo makanisa na misikiti ya Mwenga yana kazi ya kufanya kabla ya serikali kufika. Tayari kwenye kilio watu huketi siku kadhaa na wafiwa, historia ya marehemu ikasomwa pamoja na ugonjwa wake na madeni yake, na hakuna anayedai iishie kwa makofi. Mchungaji anayejua kuendesha kilio anajua pia kumpa nafasi ya Jumapili mtu ambaye jambo lake halijaisha, aseme jina la kijiji chake, mwaka, alichokiona na anachomwomba Mungu, kisha aketi bila kuulizwa imani yake iko wapi. Siku afisa wa mfuko atakapokuja na fomu, atakuta watu waliokwisha kusema hayo kwanza mbele ya jirani zao, kwa maneno yao, na jirani hao wakiwa tayari kuthibitisha.